Samaki Aliyetajwa Kabla ya Swali Kwisha

"Ni samaki yupi ambaye..."

Sikuachiwa kufika mbali zaidi ya hapo. Khalati alikuwa ameketi mkekani akimenya chungwa, wala hakuwa akinitazama, na jibu lake lilitoka kabla sijavuta pumzi ya kuimaliza sentensi.

"Papa."

Ilikuwa usiku wa Idi pili, nyumbani kwetu Mombasa, na nilikuwa nimewaomba jamaa waizime runinga kwa saa moja tu ili tucheze chemsha bongo niliyoitunga mwenyewe. Yalikuwa maswali manane ya maarifa ya jumla, na aliyewahi kujibu ndiye aliyepata alama. Swali la saba, lile ambalo Khalati alilijibu likiwa bado kinywani mwangu, liliuliza ni samaki yupi ambaye mwilini mwake hamna hata mfupa mmoja kwa sababu kiunzi chake chote ni cha gegedu. Nilikuwa nimeandika papa kwenye karatasi yangu. Nikampa alama yake, watoto wakapiga makofi, na Mjomba, binamu yake mama aliyekuja kutoka Tanga kula sikukuu nasi, akakiweka chini kikombe chake cha kahawa polepole, kwa namna ambayo kila aliyewahi kufundishwa na mwalimu wa jiografia anaielewa.

"Mwulize kwa nini papa hana mifupa," alisema.

"Mimi nimeulizwa jina la samaki," Khalati akajibu. "Mifupa yake sikuulizwa."

Tulicheka sote isipokuwa Mjomba. Wiki tano zimepita tangu usiku ule, na jibu hilo bado linanirudia nikiwa kwenye matatu, nikisubiri kivuko cha Likoni, na hata katikati ya mikutano ya kazi ambamo papa hawana nafasi yoyote.

## Nilichokuwa nimekificha

Maswali yale manane yalikuwa na uzi mmoja uliopita ndani yake, na uzi huo sikuwa nimemwambia mtu. Niliwaahidi tu kwamba mwishoni kungekuwa na swali la tisa, lenye alama tatu, litakalouliza majibu yote yanahusiana vipi.

Swali la kwanza lilitaka jina la ndege wa taifa wa India, ambaye ni tausi. La pili liliuliza neno la Kilatini ambalo wanaastronomia wa zamani waliyapa yale mabaka meusi tunayoyaona usoni mwa mwezi wakidhani ni bahari. Bahari moja waliiita *mare*, na zikiwa nyingi ni *maria*. La tatu lilimtaka Zora, jina la kwanza la mwandishi Mmarekani Zora Neale Hurston, aliyefariki mwaka 1960 na kuzikwa Florida katika kaburi lisilo na alama. La nne lilikuwa meli ya mvuke iliyolipuka kwenye mto Mississippi mwaka 1865, na meli hiyo iliitwa Sultana.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuendelea. Kwa miaka kadhaa, baada ya taarifa ya habari ya saa moja jioni, nyumba nyingi za nchi hii zilikuwa zikifuatilia *Maria*, kisha *Zora*, kisha *Sultana*, tamthilia tatu zilizopokezana katika runinga ya Citizen tangu mwaka 2019. *Tausi* ni ya zamani zaidi, ya enzi za KBC katika miaka ya 1990. Swali la tano, kuhusu kile ambacho Galileo alikiona pembeni mwa Zohali kupitia darubini yake asikielewe, lilikuwa na jibu *pete*, na *Pete* nayo ni tamthilia. Papa aliletwa na *Papa Shirandula*. Swali la nane liliuliza eneo bunge moja la kaunti ya Machakos, nalo ni Mwala, ambalo kwa mtu yeyote aliyekaa mbele ya runinga ya Kenya halitamkwi bila kutanguliwa na cheo cha inspekta.

Swali la sita nitalirudia baadaye, kwa kuwa lina kesi yake.

Nilijiona hodari sana. Kwa upande wa juu nilikuwa nimeweka elimu: India, mwezi, Mississippi, Zohali. Kwa upande wa chini, mahali pasipoonekana, nilikuwa nimeweka vile vipindi ambavyo mama zetu husutwa kwa kuvitazama. Mpango ulikuwa kwamba wenye elimu wangejibu maswali, na mwishoni kabisa, uzi ukishafichuliwa, kila mtu angepiga kelele ya furaha na kujilaumu kwa kutouona.

Khalati aliuona kwenye swali la nne.

## Jinsi alivyofanya

Nimemwuliza mara mbili ilivyokuwa, na mara zote mbili amenijibu kwa wepesi wa mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni kwake mwenyewe. Jibu la pili liliposomwa, maria, alicheka peke yake. La tatu lilipotoka, Zora, alinyamaza. Nilipoanza kusoma habari za meli, mto na mwaka 1865, hakuwa akiisikiliza meli hata kidogo; alikuwa akingoja nimalize ili aseme jina ambalo lazima lifuate, kama vile unavyojua kwamba baada ya Alhamisi inakuja Ijumaa.

Khalati aliacha shule darasa la saba. Hajawahi kusikia habari za Mississippi, na aliniambia hivyo bila haya. Lakini baada ya swali la nne alikuwa anacheza mchezo tofauti na wetu. Sisi tulikuwa tunasikiliza swali na kutafuta jibu ndani ya kumbukumbu. Yeye alikuwa na orodha fupi ya majibu mkononi, naye alikuwa akisikiliza ili ajue ni lipi limeitwa. Akisikia sayari, pete. Akisikia samaki, papa. Nilipotamka Machakos, hata mtoto wa dada yangu aliona midomo yake ikianza kujiandaa.

Alimaliza na alama nne. Mjomba alipata tatu: tausi, maria na lile la sita. Zora alichukuliwa na binamu yangu anayesoma fasihi chuoni. Kisha Khalati akalijibu swali la tisa kabla sijaliuliza, na shindano likawa limekwisha.

"Huko ni kukisia," Mjomba alisema. "Kukisia si kujua."

Usiku ule nilikuwa upande wake. Sikusema, kwa sababu huwezi kumnyang'anya khalati yako ushindi siku ya Idi, lakini moyoni nilikubali kwamba mwenye kujua alishindwa na mwenye kubahatisha, na kwamba kosa lilikuwa langu mimi niliyeuacha mlango wa nyuma wazi.

## Taa

Siku tatu baadaye Mjomba alinipigia simu kutoka Tanga. Baada ya salamu, ambazo kwake hazifupishwi, alinieleza jambo ambalo lilianza kunibomolea msimamo.

Alikuwa amelijua jibu la swali la saba. Alichelewa kulitoa kwa sababu alikuwa na majibu mawili. Papa hana mifupa, ni kweli, lakini taa pia hana. Yule samaki bapa mwenye mkia kama mjeledi, ambaye wavuvi wetu humwogopa kwa mwiba wake, ana kiunzi cha gegedu vilevile, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja na papa. Mjomba alikuwa anawapima wote wawili, akingoja nisome swali hadi mwisho ili apate neno litakalomtenga mmoja. Neno hilo halikuwamo. Swali langu lilikuwa bovu.

Nilikaa na simu mkononi kwa muda baada ya kuagana naye.

Kwa maarifa peke yake, swali la saba halikuwa na jibu moja. Aliyejua zaidi ndiye aliyekwama, na alikwama kwa haki, kwa sababu ujuzi wake ulimwonyesha njia panda ambayo mimi mtunzi sikuiona. Kilichoweza kuchagua kati ya papa na taa kilikuwa uzi, nao Khalati ndiye aliyekuwa ameushika. Hakuna tamthilia iitwayo Taa, angalau hakuna ambayo nyumba yetu imeitazama. Kwa hiyo yeye aliyeambiwa amekisia ndiye aliyekuwa na sababu ya kutosha ya kusema alichosema, na Mjomba aliyejua hakuwa nayo.

Basi kukisia ni nini hasa?

## Tega

Nilipokuwa mdogo, bibi alitutegea vitendawili baada ya chakula cha usiku, na hapakuwa na mtu aliyeona ajabu kwamba jibu la kitendawili hulipati kwa kusoma. Kuku wangu katagia miibani: mtoto asiyejua kusoma anaweza kulifikia nanasi, mradi awe amewahi kuliona shambani au sokoni na awe na akili ya kuvilinganisha vitu viwili. Kila anachokihitaji kimo ndani ya swali na ndani ya maisha anayoishi. Akishindwa, anaombwa mji, anautoa, na mtegaji anautembelea kwa maneno kabla ya kufichua jibu.

Chemsha bongo haiko hivyo. Mji mkuu wa Mongolia ama unaujua ama huujui, na kuukazia macho ukutani kwa nusu saa hakutakuletea Ulaanbaatar. Ndiyo maana chemsha bongo hupendwa na watu waliokaa shuleni muda mrefu, na ndiyo maana wengine huanza kupiga miayo kwenye swali la tatu. Nimeona hilo katika harusi, katika hafla za kazini, na katika mashindano ya usiku kwenye mikahawa ambako timu yenye daktari na wakili hushinda kila mwezi na wengine huja kula tu.

Uzi uliofichwa huigeuza chemsha bongo kuwa kitendawili. Nilikuwa nimefanya hivyo bila kujua nimefanya nini. Nchini Uingereza kuna kipindi kizima cha televisheni kilichojengwa juu ya jambo hili, *Only Connect* cha BBC, kilichoanza mwaka 2008, ambamo washindani hupewa vidokezo hadi vinne na kutakiwa waseme vinaunganishwa na nini; wakilipata jibu mapema kwa vidokezo vichache, alama huwa nyingi zaidi. Mwanzoni maswali yake yalipangwa kwa herufi za Kigiriki, watazamaji wakalalamika kwamba huko ni kujidai, na watengenezaji wakazibadilisha kuwa alama za maandishi ya Misri ya kale. (Huo ndio ukorofi ninaoupenda.) Kwa kipimo cha kipindi hicho, mtu aliyeuona uzi kwenye swali la nne kati ya manane hajabahatisha. Amefanya kile hasa ambacho mchezo ulikuwa unamtaka afanye.

Sasa nilikuwa upande wa Khalati. Nilikaa huko kama wiki mbili.

## Nchi isiyo na runinga

Kilichoniondoa ni sentensi moja ya Mjomba katika simu ile ile, ambayo nilikuwa nimeipita haraka kwa sababu habari za taa zilinishughulisha. Alisema, bila hasira, "Nyinyi mlikuwa mnacheza mchezo wenu, mimi nikawa nacheza wangu peke yangu."

Mjomba amezaliwa mwaka 1958. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, na Zanzibar ilikuwa na yake, tena ya rangi, mapema katika miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi kama ITV, na televisheni ya serikali ikaja baadaye zaidi. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikiona chombo hicho kuwa anasa ya wachache wa mjini katika nchi ambayo wengi walikuwa vijijini, na iliwekeza nguvu zake kwenye redio. Kwa hiyo Mjomba alikuwa na miaka 36, ana mke, ana watoto na ana madarasa matano ya kufundisha, kabla hajaishi katika nchi yenye kituo cha televisheni upande wake wa bahari. Tabia ya kukaa mbele ya kioo jioni haikumwingia. Hadi leo nyumbani kwake redio ndiyo yenye kiti chake sebuleni.

Naye hata angekuwa mtazamaji, angetazama vya Tanzania. Uzi wangu wote ulipita Nairobi na Mombasa. Sikuweka kitu hata kimoja ambacho mtu wa Tanga angekishika, ingawa nilijua wiki nzima kwamba angekuja.

Hapo ndipo niliposhindwa kulala vizuri. Chemsha bongo ya kawaida humpendelea aliyesoma, na nimekuwa nikilalamikia jambo hilo kwa miaka. Chemsha bongo yenye uzi humpendelea aliyekaa sebule fulani, kwa miaka fulani, akitazama kituo fulani. Nilikuwa nimevunja ukuta mmoja nikajenga mwingine, na nyuma ya ule mpya nilikuwa nimemwacha mgeni wa sikukuu.

Nilimpigia simu kumwomba radhi. Hakutaka radhi. Alitaka kuniambia alivyolijua neno *maria*.

Alikuwa na umri wa miaka 11, Julai mwaka 1969. Neil Armstrong alikanyaga mwezi ikiwa huku kwetu ni alfajiri ya tarehe 21, karibu saa kumi na mbili. Ulimwenguni inakadiriwa watu milioni 600 hivi walilitazama tukio lile kwenye televisheni. Mjomba hakuwa mmoja wao. Yeye alikuwa amesimama na watu wengine nje ya duka lenye redio, na baadaye darasani mwalimu wake alichora duara ubaoni, akapaka chaki mabaka ambayo kwa kweli ni tambarare za lava iliyoganda, akawaambia kwamba chombo kimetua mahali paitwapo Bahari ya Utulivu, na kwamba bahari hizo ambazo hazina maji huitwa *maria*. Neno lile limekaa kichwani mwake kwa zaidi ya miaka hamsini.

"Si ndivyo alivyolipata na Khalati yako?" aliuliza. "Alikaa na watu, akasikia."

Sikuwa nimetarajia hilo kutoka kwake.

## Kesi ya swali la sita

Nimesema swali la sita lina kesi yake. Lilikuwa hivi: ni elementi gani, yenye namba atomia 34, iliyopewa jina la mwezi kwa Kigiriki? Jibu ni seleni. Iligunduliwa mwaka 1817 na Berzelius, mwanakemia wa Uswidi, akaiita kwa jina la mwezi kwa sababu inafanana sana na teluri, ambayo jina lake limetokana na neno la Kilatini la dunia. Mjomba aliijibu papo hapo.

Tatizo lilikuwa kwenye uzi. Nilitaka kufika kwenye *Selina*, tamthilia ya Maisha Magic East, na sikupata jambo lolote la maarifa ya jumla lenye jina hilo ambalo jamaa zangu wangeweza kulijua. Nikalazimisha. Seleni, Selina, nani atakayeangalia irabu? Binamu yangu wa fasihi aliangalia. Alisema mbele ya wote kwamba mshono ule umetokeza nje, na kwamba mtunzi akishaanza kusogeza herufi basi kila neno linaweza kuwa kipindi cha televisheni. Alikuwa na haki. Uzi ukibana sana, kila mtu huuona mapema. Ukilegea, mwishoni watu hujiona wametapeliwa, na hasira ya aliyetapeliwa katika mchezo wa alama tatu haina tofauti kubwa na ya aliyetapeliwa shamba.

Nilianza kusoma habari za seleni ili nitafute namna ya kujitetea.

Mwaka 1873 mhandisi Mwingereza aitwaye Willoughby Smith alikuwa anashughulika na nyaya za telegrafu za chini ya bahari. Katika kuzipima alihitaji kitu chenye ukinzani mkubwa wa umeme, akatumia vipande vya seleni, na vipande hivyo vikamsumbua: vipimo vya saa hii havikuwa vya saa ile. Ikabainika kwamba seleni ikimulikwa hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na ikifunikwa hurudi kuwa kinzani. Mwanga ulikuwa unageuka kuwa badiliko la umeme. Watu wenye ndoto wakaelewa mara moja maana yake: kama waya unaweza kubeba sauti, na kama seleni inaweza kuugeuza mwanga na kivuli kuwa umeme, basi waya unaweza kubeba sura. Mwaka 1884 mwanafunzi wa Berlin, Paul Nipkow, aliomba hataza ya sahani inayozunguka, yenye matundu yaliyopangwa kwa mzunguko kama wa konokono, itakayoichanganua picha mstari kwa mstari na kuimimina kwenye kipande cha seleni. Neno lenyewe, televisheni, lilitamkwa Paris mwaka 1900 na Mrusi Constantin Perskyi katika kongamano la umeme. Seleni yenyewe haikufika mwisho wa safari, kwa kuwa huitikia mwanga kwa uvivu mno, na John Logie Baird alipowaonyesha wageni wake sura zinazotembea huko London, Januari mwaka 1926, njia ilikuwa imeshasonga mbele. Lakini mwanzo wake ulikuwa pale, katika kitu cha rangi ya kijivu chenye jina la mwezi.

Nilisoma aya hiyo mara tatu.

Nilikuwa nimeficha televisheni ndani ya maswali saba kwa ujanja wa majina. Swali moja lililobaki, hilo la sita, lile ambalo nililionea aibu, lile lililonifanya nichekwe, ndilo pekee ambalo televisheni ilikuwamo kweli. Na aliyelijibu, bila kuuona uzi, ni mtu aliyekulia katika nchi isiyo na televisheni.

Nilimtumia binamu yangu habari hiyo kwa ujumbe mrefu. Alijibu kwa maneno manne: "Bado Seleni si Selina."

## Meli na kaburi

Jambo ambalo lingenifanya nimkatalie Mjomba kabisa kuhusu kukisia lilitokea katika wiki ya nne, nilipokwenda kwa Khalati kumpelekea dawa zake za presha.

"Hiyo meli," aliniambia kabla sijavua viatu. "Ilikuwaje?"

Nikamweleza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa ndiyo kwanza vinakwisha, Aprili mwaka 1865, na askari wa Kaskazini waliotoka kwenye magereza ya Kusini walikuwa wanarudishwa makwao, wengi wao wamedhoofu kwa njaa. Sultana ilikuwa na idhini ya kubeba watu 376. Ilipakizwa zaidi ya 2,000. Usiku wa kuamkia tarehe 27, karibu na Memphis, mitungi yake ya mvuke ikalipuka, na zaidi ya watu 1,100 wakafa kwa moto na kwa maji. Hakuna ajali ya meli iliyoua wengi zaidi katika historia ya Marekani, na bado ni wachache wanaoijua, kwa sababu magazeti yalikuwa yamejaa habari nyingine: Rais Lincoln alikuwa ameuawa siku chache kabla, na aliyemuua alikuwa amepigwa risasi siku moja tu kabla ya mlipuko.

Khalati alinyamaza. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa sana habari za chombo kilichojaa kupita kiasi. Kisha akauliza nani alilipwa ili watu wote wale wapakizwe, na nikalazimika kwenda kusoma, na ilikuwa kweli kwamba palikuwa na tuhuma za rushwa kwa kila kichwa cha askari kilichopakiwa.

"Na Zora? Kaburi lake wamelitia jiwe?"

Walilitia. Mwaka 1973 mwandishi Alice Walker alikwenda Florida, akapita kwenye makaburi yaliyoota majani hadi mahali alipoamini ndipo, na akaweka jiwe. Mwaka wa kuzaliwa uliochongwa juu yake ni 1901, ingawa Hurston alizaliwa mwaka 1891. Marehemu mwenyewe alikuwa amejipunguzia miaka kumi alipokuwa kijana, na jiwe likamwamini.

Khalati alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya leso. Jioni ile ile nilimsikia akiisimulia kwa jirani, kaburi na miaka kumi iliyoibwa, akiwa ameongeza vituo na mikato ambayo mimi sikuwa nayo. Majina yote mawili yalimwingia kwanza kama vipindi vya jioni, yakamletea alama, na baada ya hapo akayafuata yalikokwenda. Mimi niliyeyatafuta maarifa hayo kwa ajili ya swali niliishia kwenye swali. Sikuwa nimejiuliza kuhusu rushwa, wala kuhusu jiwe.

## Zamu yangu

Wiki hii amenitumia chemsha bongo yake, kwa ujumbe wa sauti, huku nyuma yake runinga ikisikika. Ni maswali manne tu, na amesema yana uzi.

La kwanza: mtu mwenye haki zote za nchi yake, anayepiga kura na kulipa kodi, anaitwaje kwa neno moja? La pili: siku moja kamili, usiku na mchana, ina saa ngapi? La tatu, ambalo ameniambia wazi kwamba katungiwa na Mjomba kwa simu kutoka Tanga, na kwamba peke yake asingelijua: sirasi, kumulasi na stratasi ni aina za nini? La nne: wananchi wote wa nchi moja, makabila yao yote yakiwa pamoja, huitwaje?

Nimeyajibu yote bila shida. Raia, 24, mawingu, taifa. Nimeyaandika kwenye karatasi na kuyapanga kwa kila namna ninayoijua. Nimetafuta katika tamthilia zote za Kenya nilizonazo kichwani, nikaomba msaada kwa binamu wa fasihi, naye ameshindwa na amenuna. Nilipompigia Mjomba kumbembeleza anipe hata kidokezo kimoja, alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, akaniambia nitazame mambo makubwa niache kuchambua vipindi.

Jana usiku nilikubali kushindwa. Khalati akaniomba mji. Nikampa Lamu, akaukataa. Nikampa Zanzibar, akasema huko keshafika.

Anataka Nairobi, na anaitaka pamoja na nauli.